Boila Inayomwogopa Bibi Pyo

Jumatatu, 4 Desemba

Sakafu imekufa tena. Nimeamka Boram kalala juu ya tumbo langu kama paka. Mtoto ana akili, anajua palipobaki joto. Lakini anakohoa. Boila inayopasha moto maji na sakafu imezima, na kidude chake cha ukutani kinapepesa namba kama kinanikonyeza. Nimekizima, nimekiwasha. Nimekibembeleza. Nimekitukana. Wapi!

Nikampigia simu Bibi Pyo, mwenye nyumba, anayekaa chini yetu. Akasema anapanda sasa hivi. Nikakimbilia stoo, maana boila iko stoo, na chini ya boila liko pipa la kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, la mama mkwe wangu. Bibi Pyo hunigawia kimchi yake kila majira ya baridi, chumvi tupu, nami kila mwaka naapa kwamba kwangu hailiwi nyingine. Nikalikokota pipa hadi bafuni, nikalifunika taulo. Mgongo wangu!

Bibi akaingia akihema. Akavua soksi, akakanyaga sakafu kwa unyayo mtupu, ndivyo anavyopima. Tukasubiri. Mara huko stoo, vuuu! Imewaka. Joto likaanza kupanda chini ya vidole vyake. Akaniuliza, we Mama Boram, umenipandisha ngazi na magoti haya nije kuota moto?

Alipoondoka nikarudisha pipa mahali pake. Wali wa mchana haujaiva, boila kimya.

Inamwogopa. Hakuna maelezo mengine.

Jumanne, 5 Desemba

Baba Boram karudi kutoka kusambaza vifurushi, kaingia kuoga. Nilidhani anaimba. Kumbe maji baridi. Akatoka na midomo ya zambarau, akatangaza kwamba boila isipopona kufikia Jumapili, mimi na mtoto tutahamia kwa mama yake, mjini Yeosu, mpaka baridi iishe.

Yeosu! Kimchi ya mama mkwe naipenda. Mwenyewe nampenda akiwa Yeosu. Anapekua nepi za mtoto kama askari wa forodha, na kila asubuhi anataka kujua mashavu ya Boram yamekwenda wapi. Nikamwambia mume wangu kwa upole kwamba siendi. Akasema sawa, basi mtoto aendelee kukohoa. Hilo liliniingia. Nikamvalisha Boram soksi nyingine juu ya soksi.

Mpango: ushahidi. Nimeipiga boila video ikiwa imezima, na Boram kando yake kavaa kofia, kwa ajili ya huruma. Nikamtumia Bibi Pyo. Akajibu kwamba boila zote zinafanana, na huyo mtoto avuliwe kofia haraka kabla mtaa mzima haujamwita yeye mwenye nyumba katili. Akasema anakuja kuona mwenyewe. Pipa bafuni. Taulo. Bibi akavua soksi. Vuuu!

Kaniachia viazi vitamu vya kuchoma. Nimevila kwa hasira. Vitamu sana.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimewaza wakati nanyonyesha, ndipo akili yangu hufanya kazi. Kama boila inamwogopa Bibi, kazi yangu ni moja tu: isijue kwamba Bibi kaondoka.

Asubuhi nilimchokoza makusudi, nikaweka maganda ya mayai kwenye taka za chakula, ambako ni marufuku. Akanifokea pale uani kwa muda mrefu, kwa ufasaha, nami nikamrekodi kwa simu mfukoni. Kisha nikaipeleka simu stoo, nikaisimamisha juu ya pipa, nikafungulia sauti hadi mwisho. Bibi akaifokea boila kuhusu maganda ya mayai. Boila haikutikisika. Boram akalia.

Baadaye nikakutana na Bibi ngazini. Akauliza ni nani yule aliyekuwa akigombana kwangu, mwanamke ana sauti mbaya kama kunguru. Nikasema redio.

Jumamosi, 9 Desemba

Kesho ndiyo Jumapili. Baba Boram ameshateremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati.

Mpango wa mwisho: kumvamia Bibi bila taarifa, kabla boila haijanusa. Nikahakikisha imezima, nikashuka ngazi mbiombio, nikapiga kelele mlangoni kwake kwamba Boram kasimama mwenyewe, wahi uone! Uongo mtupu. Boram akisimamishwa huanguka kama gunia. Lakini Bibi anampenda yule mtoto kuliko magoti yake. Alipanda akinipita.

Nikamwambia Bibi, kwanza kanyaga sakafu. Akavua soksi, akakanyaga, akaruka! Akasema mama yangu wee, huyu mtoto mnamlaza kwenye friji? Ushindi! Nikamshika mkono, nikampeleka stoo nikitembea kama bibi harusi.

Chini ya boila, pipa. Na ubavuni, kwa wino mnene, jina la mama mkwe.

Nililisahau! Raha ya ushindi ndiyo iliyonisahaulisha.

Bibi hata hakuitazama boila. Akafunua pipa, akachana jani, akatafuna polepole. Akasema haina chumvi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba hii miaka yote kimchi yake alikuwa akimlisha nani. Nikasema tunaila yote, Bibi, kweli tena. Ni kweli. Baba Boram anaila, na maji mengi.

Akalisukuma pipa kwa nyonga, kwa uchungu. Chini yake ukatokea mpira mwembamba wa kutolea maji ya boila, umebanwa na pipa hadi ukawa bapa kama tambi. Ukatetemeka. Ukakoroma. Ukatapika maji hadi kwenye tundu la sakafu. Bibi akabonyeza kidude. Vuuu!

Bibi akautazama mpira. Akanitazama mimi. Akasema, boila yangu nzima, Mama Boram. Imekaliwa na mama mkwe wako.

Nikatamani mpira uniteme na mimi. Tukageuka. Mlangoni, Boram kashika fremu kwa mkono mmoja. Kisha akaiachia. Kasimama. Mwenyewe! Bibi akapiga kelele, mimi nikalia.

Kwa hiyo sikudanganya. Niliwahi tu.

Jumapili, 10 Desemba

Sakafu moto usiku kucha. Boram kalala kajitandaza, hakukohoa hata mara moja. Sanduku limerudi juu ya kabati.

Nilishuka kumwomba Bibi radhi, nikainama hadi nywele zikagusa zulia. Akasema inuka, utamwangusha mtoto mgongoni. Mchana akapanda na pipa lake mwenyewe, jekundu, kubwa kuliko lile. Akasema kwa kuwa napenda kimchi kiasi cha kuifungulia ghala, nisiikose. Nikalipokea kwa mikono miwili.

La mama mkwe nimelihamishia bafuni moja kwa moja. La Bibi nimelipa mahali pa heshima, stoo, chini ya boila, ili kila akipanda alione. Alilolilaumu ni la mama mkwe. Kuhusu la kwake hakusema kitu.

Jumatatu, 11 Desemba

Sakafu imekufa. Kidude kinakonyeza. Si nilisema? Nilisema tangu mwanzo kwamba hii boila ni mbovu!

Nampigia Bibi Pyo sasa hivi. Na aje mbio, asiniarifu hata kama ameshafika ngazini. Safari hii sina cha kuficha.