Githeri ya Shimoni

Alhamisi, 1 Agosti 1957. Molo. Baridi ya kukata masikio.

Asante Mungu kwa kuni mbichi! Zimenikawiza kuzipasua chini ya dirisha la darasa, nikamsikia Mwalimu Mkuu Kiprugut akifundisha habari za hewa. Kumbe hewa ni molekuli, vidude visivyoonekana, vinarukaruka na kugongana kutwa. Dunia inavivuta chini. Nikaingiza kichwa nikauliza mbona basi havijalala vyote sakafuni. Mwalimu akasema havitulii, joto linavirusha. Ila chini ndiko vinakobanana, na juu vinapungua. Ndiyo maana huku Molo hewa inayokandamiza maji ya sufuria ni kidogo, maji yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Nakuru, huko chini, maharagwe huiva mapema. Akanishukuru kwa swali, akafunga dirisha.

Na Jumapili shule inachagua mpishi! Mimi au Wariara, anayefua nguo za bweni. Tunawasha moto pamoja saa moja asubuhi, tunachemsha githeri, mahindi na maharagwe pamoja; itakayotangulia kuiva imeshinda. Miaka sita napasua kuni ili wengine wapike. Naitaka kazi hii mpaka naiota.

Ijumaa, 2 Agosti.

Siwezi kuhamishia jiko Nakuru. Lakini naweza kushuka! Nimeanza kuchimba nyuma ya ghala. Futi nne. Wariara akapita, akauliza ni nani amefariki. Nikamwambia ni sayansi. Akaniletea chai ya maziwa. Maskini, anamlisha adui.

Jumamosi, 3 Agosti.

Futi kumi! Udongo laini, Mungu aubariki. Nimesimama chini nikavuta pumzi: hewa nzito, nono. Nimeishukuru kwa sauti. Kisha nikaenda kumchungulia Wariara. Ameloweka mahindi na maharagwe. Basi! Hiyo ndiyo mbinu yake yote. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Jumapili, 4 Agosti.



Saa moja nikashuka kwa ngazi na sufuria yangu. Nikawasha. Moshi ukajaa. Moto ukafifia. Nikapuliza, ukazimika kabisa! Kichwa kikazunguka. Nikamsikia Wariara juu: "Wewe Khisa! Shika kamba! Wachana na hiyo sufuria!" Nilishika vyote viwili. Akanivuta yeye na wanakwaya waliokuwa wakipita kwenda kanisani, githeri yake ameiacha peke yake motoni. Angeweza kukaa kwake akangoja kushinda. Nililia mbele ya watu, na haukuwa moshi.

Mwalimu Kiprugut akaeleza kwamba moto ulikula hewa njema, na ile mbaya, nzito, ikatuama shimoni pamoja nami. Tena akasema kuipata hewa ya Nakuru ningechimba futi elfu mbili.

Githeri ya Wariara iliiva saa tano. Ndiye mpishi. Nimekula sahani tatu, kila kijiko nikishukuru kwamba nina mdomo wa kulia. Yangu ilikuwa bado ngumu kama changarawe.

Jumatatu, 5 Agosti.

Mwalimu Mkuu alitaka kunifukuza kwa kuharibu kiwanja. Wariara akaenda kunitetea! Akamwambia mtu anayechimba futi kumi kwa siku mbili hafukuzwi, anatafutiwa kazi. Nimepewa kazi: choo kipya cha shule. Nimemshukuru mama huyu mpaka akaniambia ninyamaze, maharagwe yake yanaungua. Sijawahi kutendewa wema kama huu, na sitausahau.

Nimemwapia Mwalimu kwamba mapishi ya shimoni nimeachana nayo.

Choo kinatakiwa futi thelathini. Thelathini! Zitabaki elfu moja mia tisa na sabini tu. Safari hii nitawasha makaa, hayana moshi. Wariara amekubali kuniazima sufuria. Hajauliza ya nini, Mungu ambariki.