Vita vya Faranga Elfu Ishirini na Mbili

Nyamazisheni redio, enyi watu wa Mishamo. Zimeni pikipiki, ninyi vijana wa stendi. Na wewe unayepepeta maharage, weka ungo chini, maana habari hii haisikilizwi na mtu mwenye kazi mkononi! Namtangaza Séverine, binti wa Rumonge, mwenye visigino visivyochoka, aliyeingia kwa magoti kwenye ngome ya adui mwenye mdomo mkali, akatoka na tarakimu. Nami nilikuwepo, nimebeba ndoo ya maji, ile ya bluu yenye mpini wa kamba.

Walikuwapo ndugu wawili, nao wakaoa katika mwezi mmoja, Juni ya mwaka themanini na tisa. Mkubwa alimwoa Séverine ng'ambo ya ziwa, kwa mahari ya faranga za Burundi elfu ishirini na mbili. Mdogo alimwoa Eufrazia wa Kabungu, mwenye sauti kama filimbi ya refa, kwa shilingi elfu ishirini kasoro tano. Hiyo kasoro ilikuwa ya kiberiti: baba yake Eufrazia alipokwisha kupokea hela, aliwarudishia wakwe shilingi tano akasema, "Msiende gizani, kanunueni kiberiti." Eufrazia ameisimulia habari hiyo miaka yote, kwa majivuno, hata kwa watu wasiomuuliza.

Sasa katika ukoo huo, mke aliyetolewa mahari kubwa ndiye hushika upawa siku ya harusi, akapakua wali na kugawa nyama mbele ya macho yote. Mama mkwe wao aliushika mpaka mwaka jana Mungu alipomchukua, na upawa ukabaki umening'inia jikoni, hauna mwenyewe. Ndipo ikafika Jumamosi ya harusi ya mjukuu wa marehemu, Jeniffer. Masufuria matatu yakapanda mafigani, na mikono miwili ikaufikia upawa kwa wakati mmoja!

"Achia, mke mwenzangu!" alinguruma Eufrazia. "Faranga zako leo hazinunui hata kuku. Shilingi zangu zinanunua, na chumvi juu!"

"Kwani niliolewa leo?" alijibu Séverine, shujaa asiyepepesa. "Nilitolewa faranga za mwaka themanini na tisa, zikiwa na nguvu zake. Hata wewe tukikupima kwa leo, nani atakutolea hiyo elfu ishirini?"

Wanawake wakapiga vigelegele, hata wale wa upande wa Eufrazia. Wazee wa ukoo wakakaa kando ya lundo la kuni, wakanong'ona, wakatoa hukumu: "Séverine alete bei ya faranga ya Juni ile kabla wali haujaiva. Asipoleta, upawa ni wa Eufrazia mpaka kufa."

Ewe kumbukumbu yangu, usiyesahau hata rangi ya kanga, nisaidie hapa! Kanga ilikuwa ya njano. Séverine aliikaza kiunoni mara mbili, akatoka, nami nyuma yake, hatua mia nne na kumi na mbili, mpaka kwa mzee Alois. Huyu Alois enzi zake alibeba dagaa wa ziwani kwa baiskeli na kubadilisha hela njiani, na kila mwezi alichora bei kwa msumari kwenye mlango wa stoo yake. Stoo ilianguka. Mlango akaukongomea uwe ukuta wa nyuma wa banda la kuku, na upande wenye maandishi ukaangalia ndani.

"Siung'oi, mama," alisema Alois, ameketi anachonga mpini wa jembe. "Humo kuna kuku amelalia mayai kumi na moja. Akishtuka akayaacha, utayalalia wewe? Ukitaka kusoma, ingia."

Akaingia! Naam, mwanamke wa miaka sitini na tatu, mama wa watoto saba, alijipenyeza katika tundu lisilotosha begani, simu yenye tochi mdomoni, gunzi la mahindi mkononi. Kuku akavimba mpaka akawa wawili. Akamdonoa kidole, Séverine hakurudi. Akamdonoa sikio, Séverine alitoa neno la Kirundi ambalo sitaliandika, wala hakurudi. Vumbi likapaa kama la kundi la ng'ombe, miguu yake miwili ikirusha malapa nje, moja likampata Alois gotini.

"Maji!" ikatoka sauti. Nikapitisha kopo. Gunzi likasugua mavi ya miaka mingi, na mara banda lote likatetema: "Juni! Themanini na tisa! Shilingi mia kwa faranga mia na kumi!"

Tulirudi mbio, wali umebakiza kufunikwa. Wazee walipiga hesabu kwenye simu, wakairudia kwa vijiti, wakairudia tena. Faranga elfu ishirini na mbili zilikuwa shilingi elfu ishirini kamili, wala si senti pungufu. Eufrazia alizidiwa kwa shilingi tano!

Eufrazia alifungua fundo la kanga yake, akatoa kiberiti, akakiweka juu ya mfuniko. "Hiki hapa. Nimerudisha. Tumelingana."

Séverine akakitazama, unyoya kichwani, damu sikioni. "Hicho ni cha leo, mke mwenzangu. Lete cha mwaka themanini na tisa."

Eufrazia akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kile walikimaliza njiani," alisema, akautungua upawa yeye mwenyewe, akampa.

Sahani ya kwanza Séverine alimpakulia Eufrazia, akaweka nyama, akaongeza kipande kimoja kidogo, kadiri ya kiberiti. "Chenji ya baba yako," alisema.

Na Alois, aliyefuata harufu ya nyama huku akichechemea, alirudi kwake ameshiba, akachukua msumari uleule, akachora upande wa nje wa mlango, ambao haukuwa na neno hata moja: *Séverine 20,000. Eufrazia 19,995.* Na ndani, juu ya mayai kumi na moja, yule adui hakuwa ameinuka hata kidogo.