Baiskeli ya Watu Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka. Yuko kwa dada yake. Kisa: baiskeli.

Nieleze vizuri, maana mtaani watasema yao. Jana mchana alikuwa amelala, katoka zamu ya usiku hospitalini. Nikaichukua baiskeli yake, nikaibana kwenye jiriwa, nikaikata katikati. Kwa nia njema kabisa! Nilitaka kuirefusha. Fremu ile ni fupi mno, inamkunja magoti kama panzi. Hajawahi kulalamika, lakini mimi nina macho. Leo alfajiri akaamka kwenda kazini, mkoba begani, akaikuta jikoni: nusu chini ya meza, nusu kando ya jiko. Akasimama tu. Nikamwambia asihofu, ndiyo kwanza inaanza kupendeza. Akaenda kazini kwa miguu. Jioni shemeji akapiga simu kusema mke wangu yuko kwake na nisijisumbue kumfuata.

Mvua tangu asubuhi. Watoto walishaoa na kuolewa, wako mbali, hivyo hakuna hata wa kusingizia. Nimekula mkate mkavu nimesimama. Meza imejaa tupa na misumeno.

Lakini penye nia pana njia. Nimezitazama zile nusu mbili mpaka wazo likanijia. Kosa langu ni kuwaza kidogo. Nisiirefushe kidogo, niirefushe sana! Baiskeli ya watu wawili: mimi mbele, yeye nyuma. Watu wanaovutwa na mnyororo mmoja watagombana saa ngapi? Akiiona atalia machozi ya furaha. Kesho naanza.


Jumanne, 4 Machi

Inahitajika fremu ya pili. Nimekata baiskeli yangu. Sasa nyumba haina baiskeli hata moja, na dukani ni mbali. Hiyo ndiyo bei ya ubunifu.

Nimemwendea Fundi Cheche kuazima mashine ya kuchomelea. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mtengeneza mageti, anayeamini yeye ndiye aliyevumbua moto. Akaniuliza nachomelea nini. Nikasema ni siri ya kazi. Akasema habari ya siri hiyo anayo, maana amemwona mke wangu akipita kwa miguu kwenye tope. Akaniambia nimletee zile nusu mbili za baiskeli ya mama, aziunge kama zilivyokuwa, kabla jua halijazama. Bure!

Bure. Dharau ilioje. Nikamwambia afadhali nichomelee kwa mshumaa. Akacheka, akanipa mashine yake ya akiba, akasema, “Chukua, Injinia. Usiangalie mwanga.”

Mtaa mzima wananiita Injinia. Heshima hiyo nimeitafuta kwa jasho.

Mchana nimechungulia kwenye tundu la ukuta nione anavyoshika fimbo yake ya kuchomelea. Nikakuta na yeye amechungulia. Jicho kwa jicho. Tumeachana bila salamu.


Alhamisi, 6 Machi

Imeungana! Ni ndefu kama benchi la kusubiria daktari. Nimeizunguka mara nyingi, nimeipigapiga kwa kidole, inalia vizuri.

Hasara ndogondogo. Pazia la jikoni limeungua. Ukuta una madoa meusi. Niliangalia mwanga kidogo tu, macho yanatoa machozi kama ya mfiwa, na mama mmoja aliyekuja kuuza mboga amenipa pole.

Fremu imepinda kidogo. Gurudumu la mbele linakwenda mbele, la nyuma linatazama dukani. Haidhuru. Binadamu gani aliyenyooka?

Jioni nikateleka chai. Nikatoa vikombe viwili bila kufikiri. Nikavitazama. Nikakirudisha kimoja, halafu nikaona chai yenyewe sina hamu nayo.


Jumamosi, 8 Machi

Leo hesabu. Huwezi kumpandisha mtu kwenye chombo bila kujua uzito wake, huo ni uuaji. Nikampigia shemeji simu. Nikamwamkia vizuri, nikauliza hali za watoto, kisha nikamwomba aniambie mke wangu ana kilo ngapi siku hizi.

“Kilo?” akauliza.

Nikamfafanulia kwamba ni kwa ajili ya kiti cha nyuma, bomba lisije likakatika. Nikasikia akigeuka na kumweleza mtu aliyekuwa karibu, neno kwa neno, na bomba ndani yake. Kisha nikasikia mlango ukibamizwa. Shemeji akarudi kwenye simu akasema sikio la kufa halisikii dawa, akakata.

Lakini nimejifunza jambo: mlango umebamizwa kwa nguvu. Mtu asiyekujali habamizi mlango. Dalili njema.

Uzito nimeukisia.


Jumapili, 9 Machi

Majaribio. Hakuna jirani aliyekubali kukaa nyuma. Wagonjwa wote ghafla, huyu mgongo, yule goti. Basi nikajaza gunia mchanga, nikalifunga kwenye kiti cha nyuma kwa kamba, na juu yake nikafunga kitambaa cha kichwa cha mke wangu ili upepo uwe wa kweli. Haya ni mambo ya kitaalamu, lakini nenda kawaeleze watu waliotoka ibadani!

Chombo kikaondoka. Kikaenda! Kinavuta kushoto, lakini nikishika usukani kulia kwa nguvu zangu zote kinanyooka. Nikaona nifanye na mazoezi ya mazungumzo. Nikageuza kichwa nikalieleza gunia kwamba nilifanya yote kwa mapenzi. Gunia likatulia. Nikasema na maneno mengine ambayo sitayaandika hapa.

Hapo ndipo nikamsikia Fundi Cheche, kwenye kibaraza chake, akiwaambia watu wasipige kelele, Injinia yuko fungate.

Mbele ya duka fremu ikakatika. Palepale kwenye kiungo, ta! Nikaanguka na gunia juu yangu, likapasuka. Mchanga mdomoni, mchanga masikioni. Watu walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaacha kucheka, na hapo pakawa pabaya zaidi. Mwenye duka akaniletea maji na fagio. Nikafagia barabara peke yangu. Kitambaa cha mke wangu kimechanika upindo. Nimekifua, nimekianika ndani wasikione.


Jumatano, 12 Machi

Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimechagua methali ya pili.

Fremu ilitaka bomba moja refu la chini, kutoka mbele mpaka nyuma. Nimetafuta nyumba nzima. Hakuna bomba refu kama hilo isipokuwa ubavu wa kitanda chetu. Chuma cha zamani, kizito, chuma cha watu waliojua kazi. Kwa sasa kinalala kitu kimoja tu pale, nacho ni mimi. Nimekikata. Godoro liko sakafuni. Usingizi wa chini una faida zake kwa mgongo, nimesikia.

Imeungana tena. Safari hii nimepaka rangi nyekundu, na kwenye bomba la mbele nimeandika jina lake la utotoni, ambalo ni mimi tu na mama yake tunalijua. Herufi zimechuruzika kidogo.

Halafu habari kubwa! Shemeji ametuma ujumbe: mke wangu anakuja Ijumaa baada ya kazi, kuchukua nguo zake zilizobaki.

Nguo ni kisingizio. Namjua mke wangu.


Ijumaa, 14 Machi

Amekuja. Niandike tu kama ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeoga, nimevaa shati la harusi ya binti yetu. Nikasikia kengele ya baiskeli nje. Nikachungulia. Mke wangu huyo, juu ya baiskeli. Ya kijani! Imenyooka kama rula. Nikamwuliza ameitoa wapi. Akasema Fundi Cheche amemwungia kwa vyuma chakavu wiki iliyopita, baada ya kumwona akitembea mvuani, na hakutaka hata asante. Nikainama nikapapasa viungo. Laini kama shavu la mtoto. Nikasema rangi si mbaya.

Akaingia ndani. Akaona ukuta. Akaona dirisha bila pazia. Akaenda chumbani na begi lake, akakawia. Nikasogea mlangoni. Alikuwa amesimama juu ya godoro, anatazama lile pengo la kitanda. Akasema kile kitanda alikinunua mama yake.

Nikasema, “Njoo nje uone kimekuwa nini.”

Akaja. Akaitazama ile nyekundu kwa muda. Akalisoma jina. Hapo uso wake ulilegea, naapa, na kwa sauti ya zamani akasema, “Wewe bwana wewe.” Nikamwomba tuende mpaka mwisho wa barabara na kurudi, mara moja tu. Akaweka begi chini. Akapanda.

Tukaondoka! Majirani vibarazani, hakuna aliyecheka. Nilijiona mfalme. Nikamweleza nilivyopata wazo. Nikamweleza habari ya pembe za fremu, ya mnyororo mmoja kuzungusha watu wawili, ya ubovu wa wachomeleaji wa siku hizi ambao sitawataja. Tukaanza kupanda kilima. Pale katikati baiskeli ikawa nyepesi. Nyepesi ya ajabu, kama inasukumwa na malaika! Nikasema, umeona, mke wangu, umeona kazi ya pembe? Nikapanda mpaka juu nikimwahidi kwamba tutaizunguka dunia. Juu nikasimama nipumue, nikageuka.

Kiti kitupu.

Alikuwa chini kule, mdogo, anarudi nyumbani kwa miguu. Sijui alishuka lini.

Nilipomfikia begi lilikuwa tayari limefungwa kwenye ile ya kijani. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, “Nimekuita, baba. Nimekuita nikachoka. Ulikuwa unanieleza pembe.”

Akaendelea, taratibu, kama anavyozungumza na wagonjwa wake. Akasema, “Ile baiskeli yangu haikuwa fupi. Nikitoka wodini, watu wamenililia usiku kucha, nikipanda pale hakuna anayeniita. Barabara nzima ni mimi na kichwa changu. Nikifika hapa nimeshapoa, naweza kuwa mke wa mtu. Pale palikuwa mahali pangu, na wewe ukapakata kwa msumeno.”

Nikasema sikujua.

“Ungeniuliza tu,” akasema. “Neno moja. Ningekataa, nawe ungenuna, maisha yangeendelea.”

Akashika usukani. Kabla hajakanyaga akasema hajafunga mlango. Siku nitakayojua kuuliza, nimwambie shemeji. Kisha akaenda. Anaendesha vizuri sana. Magoti hayamkunji hata kidogo.


Jumamosi, 15 Machi

Sikuamka. Mvua inapenya dirisha la chumbani na godoro limelowa upande mmoja.

Adhuhuri Fundi Cheche akabisha hodi. Sikuinuka, akaingia. Ana mkate mkononi. Akakaa juu ya ndoo, akatazama huku na huko, akakosa mzaha wa kufanya. Yule mtu! Kakosa mzaha! Ndipo nilipoona hali yangu ilivyo mbaya.

Akaniambia alimfanyia mama ile ya kijani kwa sababu hata yeye mkewe aliondoka, zamani, yeye akiwa karakana anamtengenezea geti la mshangao. Geti lilikuwa zuri, akasema. Mkewe alilipitia siku hiyohiyo akienda zake.

Tukala mkate. Akaniomba kitu kimoja: tulete ile nyekundu kwake, tuikate, tumrudishie mama kitanda chake na baiskeli yake kama ilivyokuwa, kisha niende kwa shemeji mikono mitupu, nikamuulize mke wangu anataka nini. Akasema atanisaidia. Nikasema nitafikiri.

Alipoondoka nililia kidogo. Siyo machozi ya mwanga, haya.


Jumatatu, 17 Machi

Nimefikiri!

Jana kutwa nimelala chali nikirudia maneno ya mke wangu. Ameniita na sikusikia. Ameniita na sikusikia! Sasa najiuliza kama fundi: sauti ya mtu wa nyuma inakwenda wapi? Inachukuliwa na upepo! Inarudi nyuma! Hata angekuwa na tarumbeta nisingesikia. Kwa hiyo lawama si ya mtu, ni ya mpangilio wa viti. Maskini mke wangu, ameumia bure kwa kosa la kiufundi.

Dawa: tukae ubavu kwa ubavu. Magurudumu matatu. Yeye kulia, mimi kushoto, mdomo wake umbali wa shubiri moja na sikio langu. Hata akinong'ona nitasikia. Na akitaka kukaa kimya na kichwa chake, akae. Mimi nitakuwa hapohapo kando, nikimweleza taratibu.

Nimechora kwa chaki sakafuni. Inapendeza mno. Ni pana kuliko mlango wa jikoni, kwa hiyo asubuhi nimeung'oa mlango na fremu yake. Hewa inaingia vizuri. Fundi Cheche amechungulia kwenye tundu, akashika kichwa. Wivu.

Limebaki jambo moja tu, gurudumu la tatu na mabomba yake, maana magurudumu mawili yalipinda siku ya gunia. Shemeji ana baiskeli, huiegesha nyuma ya nyumba, na kesho Jumanne yuko sokoni kutwa. Nitaipitia mapema. Nilitaka nimpigie kwanza nimuulize, lakini ana mambo mengi siku hizi, sitaki kumsumbua.