Nani Kaipasua Rimu ya Noah?

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kheir kaja kazini na miwani ya jua. Mipya. Saa hiyo jua lenyewe halijatoka vizuri!

Kheir ndo dereva wa gari ya Noah ya Bi Tahiya, bosi wetu. Anachukua wageni hapa Malindi, mjini Unguja, anawapeleka hoteli za Kiwengwa na Matemwe. Mie naiosha hiyo Noah. Leseni nnayo kama yeye. Lakini kiti cha dereva mie nakikalia nikiwa nakifuta tu.

Tabia, yule wa ofisini anayepokea simu za wageni, katoka nje kamwambia Kheir kapendeza, kama mtu wa kwenye tangazo. Halafu kanitazama mie na ndoo yangu. Kanambia Ubwa, hujambo. Nikamjibu naam.

Naam! Nani anajibu hujambo kwa naam? Mdomoni nna ulimi au nna kipande cha tairi?

Basi nikapanga mpango. Kheir akipata pancha njiani huwa anabadilisha tairi mwenyewe. Mikono ya shati kakunja, wageni wanampiga picha, akirudi hadithi siku nzima. Na leo mie nlikuwa na kazi ya kuhamisha matairi, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Nati nimezikaza kwa spana kama kawaida. Halafu nikachomeka mkono wa spana ndani ya bomba la maji ili upate urefu. Halafu nikapanda juu ya bomba. Nikaruka. Nati zikalia kwiii! Nikaruka tena.

Sasa na apate pancha. Ajikamue mbele ya wageni mpaka hiyo miwani idondoke.

Jumatano, 10 Septemba

Rimu imepasuka!

Kheir karudi mchana na tairi la akiba limefungwa mbele. Ile rimu yenyewe, zile za aluminiamu za kung'ara anazozipenda Bi Tahiya kama wanawe, imo ndani ya buti ina nyufa. Kasema alipokaribia Kiwengwa usukani ukaanza kutetemeka, akasimama, akaona.

Nikamuuliza nati je, zilifunguka? Kasema zilikuwa ngumu ajabu. Kidogo tu moyo wangu ukafurahi. Halafu kasema wageni wote wakashuka, wakapanga foleni, kila mmoja akawa anapanda juu ya spana, wengine wanaimba na kupiga makofi. Eti walipofika hotelini walisema ndo raha kubwa waliyoipata tangu waje Unguja! Wamemkumbatia. Tabia anaangalia hizo picha kwenye simu yake, anacheka mpaka kakaa chini.

Nimechukia siwezi kusema.

Bi Tahiya kaja, kaiona rimu, kashika kichwa. Kasema aliyeipasua, awe yeyote yule, hiyo gari haendeshi tena, na kama si dereva basi hata kuiosha haoshi. Kaapa kwa Mungu mbele ya sote.

Haendeshi tena! Basi kiti kinakuwa wazi! Na aliyekuwa anaendesha nani? Kheir. Kaigonga kwenye shimo, mbio zake zile. Nnachotaka ni ushahidi tu.

Kheir alinitazama, halafu akalifunga buti. Huyo ana la kuficha.

Alkhamis, 11 Septemba

Bi Tahiya kasema ni husda. Kuna mtu kaitazama gari yake kwa jicho baya, hakusema mashaallah. Kasema rimu nzuri kama ile haipasuki bure bure, na huyo mtu hayuko mbali, yumo humu humu uwanjani.

Kaweka beseni katikati. Kila mtu atawadhe juu ya beseni, halafu maji yale yamwagiwe gari ili jicho liondoke. Ndo dawa yake tangu enzi za bibi yake. Nikawa wa mwanzo kuitwa. Nusu ya maji nikayamwaga nje ya beseni. Bi Tahiya kauliza Ubwa, una homa? Nikasema naam. Nikaosha uso, nikarudia, nikaosha na shingo, kwa tahadhari tu. Kanambia basi, mwanangu, husali Idi hapa.

Kheir zamu yake, Tabia ndo kammiminia maji. Kwa kata! Taratibu! Mie nlijimiminia mwenyewe.

Halafu nani kapewa beseni aimwagie gari? Mie. Na baadae nani kaambiwa aioshe gari kwa sababu imejaa madoa ya maji? Mie.

Jicho gani linapasua chuma? Mie namtazama Kheir kila siku na hajapasuka hata kidogo. Ni shimo. Kesho nakwenda kulitafuta.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya mikosi hii. Naandika mikono ina malengelenge.

Nimesali Ijumaa, nikadandia bodaboda mpaka Kiwengwa, ile njia ya vumbi inayoingia mahotelini. Nikatembea kichwa chini. Mashimo yapo, lakini madogo madogo. Kubwa kuliko yote linatosha bakuli la urojo. Hilo ukimwonesha Bi Tahiya atakucheka.

Basi nikaazima jembe kwa mzee mmoja nikasema nnalitumia dakika moja. Nikaanza kulipanua. Likapanuka vizuri, likawa shimo la maana, shimo la kupasua rimu. Nikatoa simu nipige picha.

Wakatokea wanawake watatu wanatoka pwani na magunia ya mwani kichwani. Wakauliza wewe kijana, umetumwa kutengeneza njia? Nikaona haya. Nikajibu naam.

Mdomo huu! Mmoja kapiga kigelegele. Mwengine kakimbia kumwita sheha, kiongozi wao wa kijiji. Sheha Makungu kaja na kofia mkononi, nikampa shikamoo, kaitikia marahaba huku kanishika mkono haniachi. Kasema wamelalamika mpaka wamechoka, na leo Mungu kaleta mtu. Kanipa bero la kusukumia mawe. Kanionesha rundo la matumbawe ya kuvunja vunja, kanambia nianzie shimo hilo hilo kubwa.

Nimeliziba. Ushahidi wangu, nimeuziba kwa mikono yangu. Halafu nikaziba na mengine yote mpaka msikitini, kwa sababu kila nikiinua kichwa pale pana mtu ananletea dafu na kuniombea dua. Unaondoka vipi?

Alasiri nikasikia honi. Noah! Kheir kasimama. Pembeni yake mbele kakaa Tabia, wamekwenda kuchukua karatasi za hoteli. Kheir kateremsha kioo kasema mashaallah, Ubwa, unatutengenezea njia tusipasue tena? Tabia kasema masikini, siku yake ya mapumziko hii, kumbe ana moyo hivi!

Nikapata furaha kifuani, wallahi, ya ghafla. Gari ikaondoka. Hapo ndo nikaona. Ile miwani ya Kheir kaivaa Tabia.

Jumamosi, 13 Septemba

Bi Tahiya kaipeleka rimu kwa Haroub, fundi wa kuchomelea pale Mwanakwerekwe. Kaniamrisha nije niibebe. Kheir kaja pia. Tabia kabaki ofisini. Njia nzima nnajifunza neno moja: shimo. Safari hii sisemi naam.

Tulipofika tu nikapiga kelele: shimo! Haroub kashtuka, koleo ikamtoka mkononi. Kauliza shimo gani, liko wapi, nani katumbukia? Kaigeuza rimu, kaizungusha. Kanambia wee bwana shimo, njoo utazame. Ukigonga shimo, ukingo ndo unapinda. Huu ukingo mzima. Nyufa zimeanzia kwenye matundu ya nati, tundu mpaka tundu. Huyu mtu kazikaza nati kwa nguvu za ng'ombe, tena kwa bomba. Kasema hii aluminiamu, si mlango wa jela.

Bi Tahiya kasema nimesemaje mie? Husda! Haroub kamwambia mama, nati hizi. Bi Tahiya kasema ndo hiyo hiyo, kumbe ina mikono. Halafu kageuka. Kauliza nani kazikaza.

Haroub kaokota koleo yake.

Mie ndo ninayekaza. Kila mtu anajua. Nimeikumbatia ile rimu kama mtoto mchanga. Nikaona ndoo yangu inakwenda. Kitambaa changu kinakwenda. Kiti cha dereva sitakifuta tena.

Kheir kasema ni yeye. Kasema yeye ndo kanituma nikaze kwa nguvu, tena bomba kanipa yeye, mie nimefuata amri tu, kwa hivyo asilaumiwe mtu mwengine.

Khe! Uongo mtupu! Bomba nlilitafuta mwenyewe! Nimeruka mwenyewe, kwa miguu yangu! Kila kitu chenye sifa huyu mtu anakitaka, sasa ananyang'anya mpaka kosa langu?

Nlitaka kusema. Nlifungua mdomo. Bi Tahiya kauliza Ubwa, ni kweli? Nikajibu naam.

Tuliporudi, Bi Tahiya kamhadithia Tabia. Tabia kafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kasema mwanamme ndo huyo, anayekubali lake. Lake? Langu!

Lakini kiapo ni kiapo. Bi Tahiya kasema Kheir haendeshi tena, mpaka moyo wake yeye Bi Tahiya upoe. Atakaa ofisini anapokea simu. Funguo kanipa mie.

FUNGUO KANIPA MIE!

Jumatatu, 15 Septemba

Dereva. Leo mie dereva. Nimevaa shati la Idi. Nimerekebisha kioo, nimerekebisha kiti, nimerekebisha kioo tena. Wageni wa Matemwe wakapanda. Nikatoka Malindi mkono mmoja dirishani kama nnavyomuona Kheir.

Raha ilinifikisha mpaka Amani, hata nje ya mji sijatoka. Pale nikaanza kufikiri. Pembeni yangu mbele kakaa nani? Mzee wa Kizungu kalala mdomo wazi. Na Tabia yuko wapi? Ofisini. Na nani?

Hamu ya kuendesha ikanitoka. Nikawa nakwenda polepole ili rimu isipasuke, mpaka gari la ng'ombe lililobeba makuti likanipita. Yule ng'ombe kanitazama. Wageni walifika jua limeshapinda, hakuna aliyeimba, hakuna aliyenikumbatia.

Nimerudi nikachungulia dirishani. Kheir kakalia kile kiti cha kuzunguka cha ofisini, feni inampiga mgongoni. Tabia kasogeza kiti chake karibu karibu, anamfundisha namna ya kupanga majina ya wageni kwenye kompyuta. Mezani chai ya tangawizi na mkate wa ufuta. Kheir anauma mkate upande huu, anazunguka na kiti, Tabia anacheka. Wanapiga gumzo hata simu inalia hawaisikii.

Wakaniona. Tabia kasema hujambo, dereva! Nikajibu naam.

Sasa nimefahamu kila kitu. Kiti kizuri kuliko vyote kilikuwa kile tangu mwanzo. Kheir alikijua. Ndo maana kaungama kosa si lake! Mtu mwema anaungama kosa lake mwenyewe. Huyu kapanga, kaniachia mie joto na wazee wanaokoroma, yeye kajiweka kwenye feni. Tapeli mkubwa! Na mie nlikaribia kumshukuru.

Nimekichunguza hicho kiti, walipokwenda kusali magharibi. Chini ya kikalio kina skrubu nne tu. Ukizilegeza, atakayekaa anakwenda chini na mkate wake, na miguu juu. Hapo Tabia atamuona alivyo.

Kesho nawahi kabla ya watu. Bisibisi nshaiweka ndani ya kiatu nisije nikaisahau.

Na Tabia hakikalii kile kiti. Yeye ana chake. Hicho cha kuzunguka anakikalia asubuhi tu, akifika wa mwanzo, kwa sababu kiko karibu na simu.

Lakini hafiki wa mwanzo kila siku.