Waziri Aliyetaka Kura

Jumatatu, 4 Machi 1991
Keshokutwa anakuja waziri wa mambo ya nje wa nchi rafiki. Atazungumza na waziri wetu masuala ya kimataifa, yaani watasifiana hadi chai ipoe. Mgeni anasema Kiswahili, wetu Kifaransa. Mkalimani ni Bayingana, anayetembea wizarani kama aliyeizaa. Akifanya vizuri atapelekwa ubalozini Brussels. Upuuzi. Mimi karani wa wizara nimekaa mtaa wa Rwezamenyo na Waswahili miaka yote hii. Brussels ni yangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia Bayingana kikao kimehamishiwa Gisenyi, wageni wanapenda ziwa. Kashukuru sana. Kaondoka alasiri na begi lake. Mjinga.
Swafiya, fundi cherehani mwenye nyumba yangu, kanipigia koti pasi. Kasema ulimi wangu bado unachanganya r na l. Nimemwambia yeye ashone.

Jumatano, 6 Machi
Bayingana hayupo, nikajitolea kutafsiri. Nimekaa katikati ya mawaziri wawili. Amani, mshikamano, ujirani mwema: maneno yasiyovunja hata yai. Kisha mgeni akasogeza kiti, akasema, “Ndugu yangu, nimekuja kuomba kura yenu Umoja wa Mataifa.”
Nikatafsiri kwamba wageni wana njaa.
Waziri wetu akashangaa kidogo, akaagiza mishikaki ya mbuzi. Mgeni akala kwa adabu, akafuta midomo, akasema haondoki bila kura. Sinia la pili likaja. Mara ya tatu akasema kwa ukali kwamba rafiki wa kweli hutoa kura bila kuombwa. Mlafi wa kimataifa. Akafungiwa mishikaki ya safari.

Alhamisi, 7 Machi
Mgeni kaondoka bila kusaini tamko la pamoja. Mishikaki kaiacha uwanja wa ndege.
Bayingana karudi, kasikiliza kanda ya kikao, kacheka hadi kakaa sakafuni. Waziri hakucheka. Aliniuliza nani alimpeleka Bayingana Gisenyi. Nikasema labda ni hali ya hewa.
Brussels anaenda Bayingana. Mimi nimehamishiwa stoo ya bendera.

Ijumaa, 8 Machi
Kosa ni la mgeni. Waziri mzima, hawezi kutamka kura ikasikika kura.
Mwezi ujao wanakuja Waarabu. Mkalimani ni Nkusi, aliyesoma Khartoum na hachoki kututajia. Nimemwambia kikao kitafanyika Kibuye. Kisha nikamwomba Swafiya anifundishe Kiarabu. Kasema anajua cha sala tu. Nimemjibu kinatosha: mawaziri kazi yao ni kuitikiana amina.