Hotuba ya Kufungua Kituo cha Kupiga Klia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa anayemshikia Makamu mwavuli, masheikh wetu watukufu, mabwana na mabibi wa mitaa yote ya Amu, wageni wetu mliovuka kutoka Mokowe mkarushiwa maji hadi kiunoni, wenye punda na punda wenyewe mliokubali kutupisha, itifaki nimeizingatia na kuizidisha. Assalamu alaikum! (Waalaikumu salaam.) Mbona hafifu, hamkunywa chai? Assalamu alaikum! (Waalaikumu salaam!)

Mimi, Hamdu Abdulwahid, Mkurugenzi wa Idara ya Ubunifu, Uchumi wa Vidole na Masuala Mtambuka, mtu ambaye hajisifu bali husifiwa na takwimu alizoziandaa mwenyewe, nimesimama hapa kufungua rasmi Kituo cha Kupiga Klia Kontrola za Gemu, cha kwanza katika ukanda wote huu, na wale wa nyuma wasiojua klia ni nini watulie, ni ile vanishi angavu inayopigwa juu ya rangi ili jasho, chumvi na kucha zisiikwangue. (Makofi.)

Sote twamjua Bi Nadra, binti yetu wa Langoni, anayechora kontrola za gemu kwa mkono, samaki, mawimbi, na nakshi nyembamba kama unywele. Kazi yake nzuri, mashallah, lakini vijana wakicheza mechi tano tu, vidole gumba vimeshamaliza samaki wote. Sasa hoteli moja ya Ras Kitau imemwagiza kontrola nane za wageni, oda yake kubwa ya kwanza, kwa sharti moja: rangi isitoke. Miezi minane iliyopita akazileta ofisini kwangu, zimechorwa tayari, ili zipigwe klia kituo kikifunguliwa. Na hoteli imechoka kungoja, imempa hadi Ijumaa hii.

("Zi wapi sasa?" anauliza Bi Nadra kutoka mstari wa mbele.)

Zaja, mwanangu, zaja. Serikali haikurupuki. Kwanza tulifanya feasibility study, kisha public participation, kisha tukawaalika stakeholders wakala, wakashiba, wakaunga mkono, halafu ujumbe wa watu kumi na mmoja, nikiuongoza mwenyewe pamoja na mke wangu ambaye ana jicho la rangi, ukazuru nchi tatu kutazama klia ikikauka. Tuliitazama siku nne. Na ikakauka, waungwana! (Makofi ya meza kuu.) Tulirudi na data kwamba katika kila vidole gumba kumi vya vijana wa Pate, tisa na robo vinabonyeza, na kwamba kituo hiki kitaajiri asilimia mia moja na kumi na nne ya vijana hao, wakiwemo waliokwisha kuhamia Mombasa.

Na msidhani ni maneno matupu. Tazameni mbele yenu: kompresa ya kupulizia klia, na utepe wake!

("Bwana Hamdu, hiyo ni yangu!" anapaza sauti Zaki, fundi wa pancha wa Mokowe. "Mlisema mwaiazima nusu saa! Basi liko juu ya jeki tangu asubuhi, na abiria wanitukana mimi!")

Bwana Zaki, huo ndio ubia na sekta binafsi, na twakupongeza. Itarudi na boti nikimaliza. Keti. (Vicheko.)

Kituo chenyewe, kwa ajili ya usawa wa maendeleo, hatukukiweka hapa Amu, tumekiweka kule Mkokoni.

("Ah! Mimi ni wa Mkokoni," anasimama Bi Barka, mchuuzi wa samaki. "Naijua kila ndia na kila kichochoro cha kwetu. Leo alfajiri nimetoka huko, sikuona hata tofali moja. Kituo gani hicho, cha majini?")

Bi Barka, mama yangu, klia iliyopigwa vyema haionekani, lakini ipo. Maendeleo yataka imani. (Miguno.)

Basi tuchangamke! Nikisema rangi, nyinyi mseme idumu. Rangi! (Idumu.) Rangi! (Sauti mbili.) Kidole! (Wanatazamana, hawakufundishwa hiyo.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru maafisa wenzangu ambao kwa miezi minane, kila baada ya chakula cha mchana na mara nyingine kabla yake, walijitolea vidole vyao kuzicheza kontrola za Bi Nadra bila klia yoyote, kwa ajili ya utafiti, mpaka mechi ya fainali. Bi Nadra, njoo upokee. (Anafungua kasha. Kontrola nane, nyeusi tititi, hazina samaki wala wimbi. Bi Nadra anazigeuza moja moja.) Utafiti umethibitisha pasi na shaka: bila klia, rangi hutoka! Kwa ushahidi huu mzito, idara yangu sasa inaweza kuandika barua ya kuomba kituo kijengwe. Mpigieni makofi! (Hakuna makofi.)

("Na Ijumaa?" anauliza Bi Nadra, kontrola moja mkononi. "Bwana Hamdu, Ijumaa niwapelekee nini watu wa Ras Kitau?")

Wapelekee ripoti, mwanangu. Nimekutolea nakala nane.