Hewa Inayokaa Jangwani Bila Kibali

Inatangazwa kwa wananchi wote, na safari hii kwa hewa pia, kwamba kuanzia leo ni marufuku kwa hewa ya aina yoyote kukaa katika bonde la Jangwani bila kibali. Hewa itakayokaidi itaondolewa kwa gharama zake yenyewe.

Tangazo hilo lilipita mitaa ya Kariakoo kwa kipaza sauti, nyuma ya gari la dawa ya mende. Aliyelitunga alikuwa Onesphory, Kaimu Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Hadhi ya Makazi, ambayo kwa kifupi, na bila mtu yeyote ofisini kuona ajabu, huitwa KUHAMA.

Onesphory alikuwa mchapakazi mwenye doa moja tu, nalo ni neno Kaimu. Lilikuwa limemganda kwenye kibao cha mlangoni, kwenye mhuri, hata kwenye kadi za mchango wa harusi ya binti yake. Wenzake walikuwa wamethibitishwa, wengine wamestaafu, wawili wamezikwa wakiwa wakurugenzi kamili. Yeye alikuwa bado anakaimu. Kila asubuhi alifungua kikao kwa sala ndefu ya kumjulisha Mwenyezi Mungu ajenda za siku, na kila asubuhi aliongeza ombi moja la binafsi. Akifumbua macho, analikuta neno palepale.

Ndipo akaja Dokta Shadya.

Huyu alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, na kiangazi chote alikuwa Jangwani ndani ya viatu vya mpira, akidumbukiza mabomba kwenye tope la kando ya mto. Alikuja kuomba ruhusa ya kuendelea. Alieleza kwa utaratibu, kama anayemfundisha mjomba wake simu mpya, kwamba mto hubeba majani na mizizi iliyooza, ukayalaza bondeni, na kaboni iliyomo ikatulia chini ya tope. Tope likiachwa, inatulia. Likifukuliwa likapigwa jua, kaboni ile hugeuka hewa, ikapanda kulichemsha anga. Yeye alitaka kujua bonde linahifadhi kiasi gani na linaachia kiasi gani.

Onesphory alisikia neno moja tu.

“Kwa hiyo inakaa.”

“Inakaa, Mkurugenzi. Ndani ya tope.”

“Kaimu,” akasahihisha Pius, msaidizi wa ofisi.

“Tangu lini?” akauliza Onesphory.

“Nyingine mamia ya miaka.”

“Kwa kibali cha nani?”

Dokta Shadya alicheka, akidhani ni utani. Hakuna aliyecheka naye.

“Na ikitoka humo inaitwaje?”

“Hewa ukaa.”

Onesphory aliliandika jina, akalipigia mstari. Ukaa. Mtuhumiwa alikuwa amekiri kwa jina lake mwenyewe.

Sheria ilikuwa wazi. Jangwani ni bonde, bondeni hakukaliwi. Watu walikwishaondolewa, na Pius ndiye aliyewachorea alama ya X nyekundu kwenye kuta zao. Alichora X zilizonyooka mno, kiasi kwamba mama mmoja aliyekuwa akibomolewa aliomba amchoree na jirani. Sasa ikawa imegundulika kwamba wakati serikali inahangaika na binadamu, kulikuwa na mkaaji mwingine chini yao, asiye na kitambulisho, aliyejificha kwenye tope kwa mamia ya miaka.

Dokta Shadya alijaribu kusema kwamba kukaa kwake ndiko kuzuri, kwamba wakiifukua itaenda angani.

“Ikifika angani,” akasema Onesphory kwa upole, “itakuwa chini ya mamlaka nyingine.”

Zoezi likapewa jina, bajeti na fulana. Onesphory aliandika mwongozo kwa mkono wake: popote itakapobainika hewa ukaa inatoka, pachorwe X papo hapo na waliomo wahame siku hiyohiyo, bila kujali cheo. Maneno ya mwisho aliyaweka kwa sababu wakubwa wa wizarani huyapenda, na wakubwa hao ndio wangekuja kukagua zoezi na kuamua habari ya lile neno Kaimu.

Tope nono kuliko yote lilikuwa chini ya bustani ya Bi Siti. Bi Siti alikuwa mjane wa Ilala, anayelima mchicha na matembele kando ya mto na kuuza sokoni Kariakoo. Jioni alirudi kwake, hivyo hakuwahi kuvunja sheria ya kukaa. Aliliona katapila linashuka, akajifunga khanga vizuri, akasimama mbele ya matuta yake kumsubiri mkubwa. Umri wake ulikuwa wa kumzaa Onesphory. Alisubiri shikamoo.

Shikamoo haikuja. KUHAMA ilikuwa na waraka kwamba ofisa aliye kazini haamkii, kwa kuwa serikali haina mkubwa wake.

“Marahaba,” akasema Bi Siti, kumkumbusha.

Onesphory akajikohoza. Alimweleza kwamba asiwe na hofu, hahamishwi yeye, inahamishwa hewa.

“Na mchicha wangu?”

“Huo ni mpangaji wa mpangaji, bibi.”

“Haya. Hilo tope Mungu ndiye aliyeliweka hapa, kwa mto wake. Wewe libebe. Ila utakapolipeleka, ndipo litakapokaa.”

Vijana wa katapila walitazama chini. Onesphory alitazama saa. Mchana ule bustani yote ilipanda malori, mizizi ikining'inia, na Bi Siti akaokota mafungu machache yaliyodondoka, akaenda kuyauza kama kawaida. Hakulia mbele yao.

Kwa utaratibu wa mjini, kilichokamatwa hutunzwa kwa mkamataji. Meza za wamachinga zilikuwa zikilundikwa kwenye ua wa ofisi ya KUHAMA, na tope nalo likamwagwa pale, kimo cha madirisha. Kisha Onesphory akatoa Hati ya Kutokuwa Bonde, ya kwanza mjini: kwa kuwa hewa imeondoka, Jangwani si bonde tena, na panafaa kukaliwa. Hati ilihitaji jina la mwananchi mnufaika. Mwananchi pekee aliyeonekana eneo la tukio alikuwa Bi Siti, kwa hiyo ikaandikwa jina lake, ikapigwa mhuri, akakabidhiwa.

Jua likalipiga lile tope juma zima. Likatoa mvuke, likatoa harufu, na katikati yake mchicha ukachipua. Muuza makava ya simu pale getini akauliza, kwa heshima zote, kama wakubwa wameanza kufuga kambare.

Siku ya ukaguzi, wageni wa wizarani walifika wakiwa na leso puani. Dokta Shadya alikuwa ameitwa na kipimo chake, ili baadaye wakathibitishe Jangwani kwamba hewa imekwisha. Alikiwasha getini. Kikaanza kulia hapohapo.

“Kinasemaje?” akauliza kiongozi wa msafara.

“Inatoka,” akasema Dokta Shadya.

“Wapi?”

“Hapa.”

Onesphory alifungua mdomo apeleke suala kwenye kamati ndogo, lakini kiongozi alikuwa na ule mwongozo mkononi, amekwishafika pale penye “bila kujali cheo”. Uso ukamchangamka. Katika utumishi wake wote, alisema, hajawahi kuona kiongozi wa kujikamata mwenyewe. Huyu hakustahili kukaimu hata dakika moja zaidi. Akamshika mkono, akamwita Mkurugenzi, makofi yakapigwa.

Onesphory alifumba macho ashukuru. Alipoyafumbua, Pius alikuwa mlangoni na kopo la rangi, anatekeleza. X ilikuwa imenyooka kama zote, na mstari wake mmoja ulipita juu ya kibao, ukalifuta neno Kaimu.

Wakahama siku hiyohiyo. Sharti lilikuwa kuhamia eneo lenye Hati ya Kutokuwa Bonde, na mji mzima eneo lenye hati lilikuwa moja. Turubai likasimikwa Jangwani, Mkurugenzi akawekewa meza na kiti chake cha kuzunguka.

Mvua za masika hazikuomba kibali. Za mwanzo zilileta tope jipya, jeusi, laini, na Bi Siti akashukuru Mungu, akasia mchicha pembeni mwa turubai. Zilizofuata zilileta maji. Asubuhi moja yalimfika Mkurugenzi kwenye soksi, akiwa peke yake, maana watumishi walikuwa na vikao kwingine. Alimwona Bi Siti amesimama juu ya tuta la barabara na mwavuli, mahali pakavu.

“Shikamoo, Bi Siti,” akaita.

“Marahaba, baba.”

“Naomba nije nikae huko juu, pamoja na kiti.”

“Kwani huko kuna nini?”

“Maji yanakuja.”

“Maji yanakuja bondeni, mwanangu. Hapo si bonde. Mhuri ni wako, na hati ninayo nyumbani, nimeifunga kwenye nailoni isilowe.” Akausogeza mwavuli, akamtazama vizuri. “Kaa tu, Mkurugenzi.”